Si kila ganda la 7.62 ni la AK-47

Mhariri,

Kila wezi wa mifugo wanapovamia kijiji, magazeti yetu, hili likiwemo, huripoti kwamba "maganda ya AK-47" yameokotwa. Wakati mwingine picha iliyo hapo hapo inapinga habari yenyewe. Namba 7.62 ni milimita za upana wa ndani wa mtutu tu. Haielezi urefu wa ganda wala nguvu ya risasi, na ziko risasi tatu za kijeshi zenye namba hiyo ambazo haziingiliani katika bunduki moja.

Ya AK-47 ni 7.62 × 39; namba ya pili ni urefu wa ganda kwa milimita. Ganda ni fupi, limechongoka kuelekea mbele, na mengi ni ya chuma kilichopakwa vanishi. Kichwa, yaani kipande kinachoruka, kina gramu kama 8 na hutoka kwa mita 715 hivi kwa sekunde. Ya G3, bunduki ambayo polisi wa Kenya wameibeba miaka mingi, ni 7.62 × 51, iliyopitishwa na NATO mwaka 1954. Kichwa chake cha kawaida kina gramu 9.5 na mwendo wa mita karibu 840 kwa sekunde. Nguvu ni jouli kama 3,300, ilhali ile ya AK ni jouli 2,000 tu.

Rula ya mtoto wa shule inatosha kuyatenganisha. Ganda la G3 lina ushahidi mwingine tena. Chemba ya bunduki hiyo, yaani tundu linamokaa risasi ikifyatuliwa, imechongwa mifereji myembamba ya urefu ili gesi ipenye kati ya ganda na ukuta; bila hivyo ganda lingenasa, na kucha ya kulitoa ingenyofoa kitako cha ganda. Kwa hiyo hutoka na mistari myeusi ya masizi shingoni na mabegani, mara nyingi na ubavu uliobonyea. FN FAL, bunduki ya Ubelgiji, hufyatua risasi ile ile lakini haiachi mistari hiyo.

Risasi hii ya 7.62 × 51 ina teke. Ukiifyatua mfululizo kwa bunduki ya mkononi, mtutu unapanda juu na risasi zinazofuata zinapotea; ndiyo maana Waingereza waliifanya FAL yao ipige moja moja. Imebaki zaidi kwa wadunguaji na kwa rashasha kama FN MAG. Rashasha hiyo hulishwa kwa mkanda wa risasi unaoachana vipande vipande, basi mwandishi aangalie kama pana vikuku vidogo vya chuma vilivyotapakaa kando ya maganda. Vikiwepo, huenda hiyo si G3.

Ya tatu ni 7.62 × 54 ya Kirusi, ya tangu 1891, inayotumiwa na rashasha ya PKM na bunduki ya wadunguaji ya Dragunov. Kitako chake kina ukingo uliotokeza nje. Isichanganywe na .303 ya Lee-Enfield, bunduki ya zamani ya Waingereza, ambayo pia ina ukingo ila ganda lake ni refu kidogo, milimita 56, na jembamba zaidi. (Ukingo huo ndio kero ya .303: ukijaza magazini na ukingo wa risasi ya juu ukakaa nyuma ya ule wa chini, zinashikana na bunduki inakwama.)

Hata ukilitambua ganda, hujamtambua aliyefyatua. Bunduki huibwa, huuzwa na hukodishwa. Kulinganisha alama ya pini ya kufyatulia na ya kucha ni kazi ya mtaalamu na hadubini yake.

Jambo la mwisho ni la usalama. Mara nyingine picha ya "maganda" huwa ni ya risasi nzima, vichwa vikiwa bado mahali pake. Iliyogongwa na pini kitakoni ikakataa kulipuka haifai kutiwa mfukoni, kugongwagongwa wala kutupwa motoni. Mpiga picha aweke rula kando, apige ubavu na kitako pale kinapoonekana, asiguse kitu, kisha awaachie polisi.

Msomaji,
Nakuru