Barua niliyoificha kwenye glavu

Mwanangu mpendwa,

Ukiiona barua hii ujue umefungua begi la mazoezi kabla ya begi la nguo. Nilimwambia baba yako itakuwa hivyo, akabisha, kwa hiyo sasa namdai soda.

Ulikotoka unakujua, sina haja ya kukukumbusha. Unakwenda chuoni kurusha mpira wa besiboli, nami nina jambo moja tu: kiwiko. Mkono ukiuma, sema. Usimwambie kocha "niko poa" huku unaukunja na kuukunjua chini ya meza, kama ulivyofanya mwezi wa tano ukidhani nakata vitunguu sikuoni.

Juzi nilimsikia binamu yako akikuambia kwenye simu kwamba siku hizi kano la kiwiko likikatika si neno, wanaweka jingine na mtu anarudi na kasi kuliko ya mwanzo. Asikudanganye. Operesheni hiyo imebeba jina la Tommy John, mrushaji wa besiboli, mashoto kama wewe. Mwaka 1974 daktari Frank Jobe alichukua kano kwenye kifundo cha mkono wake wa kulia akalipandikiza kwenye kiwiko cha kushoto. Alirudi, ndiyo, na akacheza hadi 1989. Lakini msimu mzima wa 1975 alikuwa mtazamaji, naye alikuwa mtu mzima mwenye jina lake tayari. Wewe una miaka 18, msichana peke yako kwenye timu ya wavulana, na wapo wanaosubiri uchoke ili waseme walijua. Ukikaa nje mwaka mzima, nafasi yako atakushikia nani? Ohtani, yule nyota wa besiboli kutoka Japani, na fedha zake zote, kiwiko kimeshampeleka kwenye upasuaji mara mbili.

Kwa hiyo hesabu. Kwa umri wako mwongozo wa warushaji vijana unasema mirusho 105 kwa siku, basi, na ukipita 80 unapumzika siku nne. Mirusho ya kupasha mwili moto haimo kwenye hesabu hiyo, lakini kiwiko hakijui hivyo.

Najua utasema, na wewe Mama siku ile ulikuwa wapi. Nilikuwa nimekaa na daftari langu na penseli. Ulikuwa na miaka 13, kikomo kilikuwa 95, na ukurasa wa Jumapili ile unasoma 112, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Walibaki wapigaji wawili, na yule mama wa upande wa pili alikuwa amesema kwa sauti kwamba binti ataishiwa. Nikapiga vigelegele. Ukurasa huo sijauchana.

Na mkono wenyewe una madai ya zamani. Ndio huo nilikuwa nauchapa mezani ili ule kwa kulia, bibi yako akiunga mkono. Leo makocha wanapiga simu kwa ajili yake. Ubwabwa, hata hivyo, utaendelea kuula kwa kulia. Hapo sijabadilika.

Kisa cha kidole changu cha pete huwa nakisimulia kwa kuwachekesha wageni, nawe unakijua chote isipokuwa mwisho wake. Softiboli yetu ya mpira wa inchi 16 hapa Chicago, ndugu ya besiboli, inachezwa mikono mitupu. Mchezo umezaliwa hapahapa mwaka 1887. Mimi nilipouona mara ya kwanza nilisema, aa, hii rede, naijua. Mpira mpya ni mgumu kama nazi. Mechi ikifika mwisho umelainika kama andazi. Niliudaka ungali mpya, nikafunga kidole kwa plasta, nikamaliza mechi. Wanaume wa timu walinisifu sana, ndiyo maana hata wiki iliyofuata sikwenda hospitali. Mwisho wake ni huu: baridi ikianza, kifungo cha juu cha koti langu hunifungia baba yako. Wewe umekuwa ukidhani ni mapenzi.

Bibi yako kapiga simu kutoka Temeke kuuliza unakwenda kusomea nini huko Iowa. Nikamwambia uhandisi, na rede. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na chupa anajaza mchanga nani?" Kwenye kikoba chake mbele ya wenzake nasikia anasema mjukuu wake amechukuliwa na chuo kwa kurusha mpira. Mimi nami kazini nimeshasema, na nitasema tena kesho.

Wenzako huko watakuvuta uwe shabiki wa Cubs, wapinzani wetu wa hapahapa Chicago. Usithubutu. Mwaka 2024 nimekaa na White Sox wangu wakipoteza mechi 121 na sikuhama. Baba yako Yanga ikifungwa moja tu, chakula hakipiti.

Mdogo wako amekwisha kuburuta godoro lake hadi chumbani kwako, hata shuka zako hazijapoa. Nimemwambia picha ya Mamie Johnson ukutani asiiguse. Walimwita Peanut, yaani karanga, kwa udogo wa umbo, na akawarushia wanaume akiwa na timu ya besiboli ya Indianapolis Clowns kuanzia 1953. Wewe umemzidi kimo, basi hilo la mwili usilifanye sababu ya kujithibitisha kwa yeyote. Mkono ukiuma, sema.

Binzari na iliki nimezifunga ndani ya soksi nyeusi, usizitupe kwenye mashine ya kufulia kama mara ile. Koti zito limo chini kabisa. Mafuta ya glavu nimeyaweka mbali na nguo nyeupe.

Siku utakayorusha, usiku nitumie namba. Usiandike "poa", andika namba. Nimenunua daftari jipya, ukurasa wa kwanza nimeshaupiga mistari.

Sufuria ndogo umeisahau jikoni. Baba yako ataileta akija mwezi wa kumi, mkumbushe, maana yeye atasema hukuihitaji.

Mama yako