Lodwar, ongeza usiku mmoja

Ngamiani, Tanga

Mwanangu Mwanaidi,

Assalaam aleikum. Mama yako kaniambia umeshakata tiketi ya Kitale, na kwamba Lodwar, kule Turkana kaskazini mwa Kenya, utalala usiku mmoja tu, alfajiri ushike njia ya Kakuma kazini. Nakuomba uongeze siku moja.

Mimi mji ule niliujua nikiwa utingo wa lori la chakula cha wakimbizi kutoka Mombasa. Enzi hizo malori yalikwenda kwa msafara, askari mbele. Safari moja gari likatufia hapo, tajiri akachelewesha kipuri, tukakaa siku nne. Siku ya kwanza nilinuna. Joto lile si hili letu la jasho na upepo wa bahari. Lile linakukausha kimyakimya, jasho hulioni, unakuja kushtuka kichwa kinagonga. Kunywa maji kabla ya kiu.

Jomo Kenyatta aliwekwa kizuizini hapo kuanzia 1959 hadi 1961, baada ya kifungo cha Lokitaung. Jua lile liliponipiga utosini nikaelewa Waingereza walipachagulia nini.

Siku ya pili nikateremka mtoni, Turkwel. Ukingo mzima mikoma, na kivulini wanawake na miaa yao mapajani, ungedhani uko uani kwa bibi yako. Nikanunua kapu. Unamjua mama yako: hakusema ahsante, alilipindua, akaukagua mshono, akasema, "Hawa hawasuki ukili. Wanashona, duara juu ya duara, kuanzia kitakoni." Akashinda nalo mpaka magharibi akijaribu kuiga. Hakuweza, na hataki ikumbushwe.

Ukifika dukani anza na "ejok", salamu ya Waturkana. Watacheka kwanza, kisha watakujibu kwa Kiswahili.

La kutofanyia mzaha ni korongo kavu, wenyewe wanaliita laga. Mvua inanyesha huko milimani, kwako wingu hakuna, mara maji hayo yanashuka yanavuma. Dereva akisema tusubiri, usiwe miongoni mwa wanaomharakisha.

Lile kapu panya wamelitoboa. Mama yako anataka jingine, lenye kifuniko, na mshono usiwe mlegevu. Nimekutumia pesa ya kapu na ya chumba cha usiku wa pili, usizichanganye.

Baba yako