Barua ya wazi kwa mpwa wangu mwalimu: soma hati ya mshahara kabla ya kusaini mkopo

Mpwa wangu,

Hongera kwa kuajiriwa. Mama yako ameniambia kwamba jina lako sasa limo kwenye orodha ya mishahara ya wilaya, na kwamba mshahara wa pili haujaingia lakini mawakala wa mikopo tayari wanakuja shuleni saa ya mapumziko na fomu zao. Nakuandikia hadharani kwa sababu walimu wapya hapa Uganda, kuanzia Arua hadi Mbale, wanaletewa fomu hizohizo, na wengi hawana wa kuwauliza.

Anza na hati ya mshahara. Idai kila mwezi, usiridhike na ujumbe wa benki kwenye simu. Mwalimu wa msingi wa Gredi ya Tatu, yaani mwenye cheti cha ualimu, hulipwa karibu shilingi 500,000, basi tupige hesabu kwa hiyo. Kodi ya mapato huanzia pale mshahara unapozidi 235,000 kwa mwezi. Shilingi 100,000 zinazofuata hukatwa asilimia 10, 75,000 za baada ya hapo asilimia 20, na chochote kinachozidi 410,000 hukatwa asilimia 30. Kwa mshahara wa 500,000 kodi inafika 52,000, unabaki na 448,000. Kisha iko kodi ya huduma ya wilaya. Kwa kipato chako ni 30,000 kwa mwaka, nayo hukatwa kwa mafungu manne kuanzia Julai hadi Oktoba, yaani 7,500 kila mwezi. Walimu wapya hushtuka mwezi wa Julai wakidhani wameibiwa, hawajaibiwa. Lakini ukiona makato hayo bado yapo Novemba, nenda kwa afisa utumishi na hati zote tano mkononi.

Kwenye hati hiyohiyo, linganisha jina lako na tarehe ya kuzaliwa na vile vilivyo kwenye kitambulisho cha taifa na vyeti vya mitihani. Herufi moja ikipishana, utaona taabu yake wakati wa uhakiki wa watumishi, na utaiona zaidi utakapofika miaka 60 na kudai pensheni. Kurekebisha leo ni suala la fomu na safari chache. Kurekebisha ukiwa mstaafu kunaweza kukuweka miezi mingi bila senti.

Sasa mkopo. Wakala atakuambia riba ni asilimia 18 kwa mwaka na atanyamaza hapo. Swali lako liwe moja: hiyo riba inahesabiwa juu ya deni lote la mwanzo, au juu ya salio linalopungua? Chukua mkopo wa 3,000,000 wa miezi 36. Riba ikihesabiwa juu ya deni la mwanzo, utalipa riba ya 1,620,000, na kila mwezi utakatwa takriban 128,300. Ikihesabiwa juu ya salio linalopungua, makato ni takriban 108,500 kwa mwezi, na riba yote ni kama 904,000. Asilimia ni ileile kwenye karatasi, ila tofauti yake inapita shilingi 700,000, ambayo ni zaidi ya mshahara wako wa mwezi mzima. Mwambie akuandikie jedwali la malipo la mwezi kwa mwezi, lenye safu ya riba na safu ya mtaji, yaani deni lenyewe. Anayekataa kukupa jedwali hilo, achana naye.

Uliza pia ada. Ada ya maombi na bima ya mkopo mara nyingi hukatwa kabla hujapewa pesa. Unasaini milioni tatu, unapokea pungufu, na riba unailipa kwa milioni tatu kamili.

Mtego unaowashika walimu wengi kuliko mingine yote ni kuongezewa mkopo. Ukifika mwezi wa 12 simu inaita: unastahili nyongeza, mwalimu, njoo usaini tu. Tazama hesabu. Kwa mkopo ule wa salio linalopungua, baada ya makato 12 umeshatoa karibu 1,301,000, lakini salio la deni bado ni kama 2,172,000, kwa sababu miezi ya mwanzo sehemu kubwa ya makato huliwa na riba. Wakikupa tena 3,000,000, kwanza wanalipa lile salio. Unaondoka na takriban 828,000, ukitoa ada mpya, na miezi 36 inaanza upya. Mwalimu anayefanya hivyo kila mwaka hamalizi deni hadi anastaafu, na mkononi kila mara anapata kiasi ambacho angeweza kukiweka akiba mwenyewe kwa miezi minane, kwa makato yaleyale.

Kanuni ya utumishi wa umma haikubali makato yazidi nusu ya mshahara. Wakala huitumia kukuonyesha nafasi uliyo nayo ya kukopa. Wewe ichukue kama ukuta wa mwisho, usiukaribie. Kwa mshahara wako, makato ya mikopo yakizidi 100,000 kwa mwezi, mtoto mmoja akiugua utajikuta kwa mkopeshaji wa mtaani.

Na kuhusu huyo wa mtaani nitasema wazi. Usimpe mtu yeyote kadi yako ya benki na namba yake ya siri, hata awe jirani unayemheshimu. Wakopeshaji wenye leseni wanasimamiwa na UMRA, mamlaka ya serikali ya kusimamia mikopo midogo, na hawaruhusiwi kushika kadi ya benki wala kitambulisho cha taifa kama dhamana. Mwaka 2024 serikali iliwawekea kikomo cha riba cha asilimia 2.8 kwa mwezi. Yule anayetoza asilimia 10 kwa mkopo wa 300,000 anachukua 30,000 kila mwezi wakati kikomo ni 8,400. Ukimlipa riba tu kwa miezi kumi, umerudisha 300,000 nzima na bado unadaiwa 300,000. Inaniuma kuona mwalimu anasimama nje ya benki tarehe 28, mshahara umeingia, na kadi yake imo mfukoni mwa mtu mwingine.

Ukishamaliza mkopo wowote, usiondoke bila barua ya kumaliza deni. Peleka nakala kwa afisa utumishi, kisha angalia hati ya mwezi unaofuata. Makato yanayoendelea baada ya deni kuisha ni jambo la kawaida, hasa kwa mwalimu aliyehamishiwa wilaya nyingine, na kurudishiwa pesa hizo bila ile barua ni kazi ngumu.

Nafasi nzuri iliyo karibu nawe ni SACCO ya walimu, yaani chama chao cha akiba na mikopo, ila usiingie kwa kufuata mkumbo. Omba kuona cheti cha usajili na hesabu zilizokaguliwa za mwaka uliopita. Uliza mkutano mkuu ulifanyika lini, mikopo kiasi gani imechelewa kulipwa, na viongozi wenyewe wanadaiwa kiasi gani. SACCO nyingi zinazoanguka huanguka hapo: wanakamati wanajikopesha, halafu hakuna anayethubutu kuwadai. Ikiwa ni nzuri, weka 30,000 kila mwezi. Kwa mwaka ni 360,000, na kwa SACCO inayokopesha mara tatu ya akiba unaweza kupata 1,080,000 bila kugusa benki. Kumbuka tu kwamba ukimdhamini mwenzako, akiba yako inafungwa hadi amalize deni lake, na akitoroka itachukuliwa. Kabla ya kusaini, hakikisha kiasi unachodhamini kimeandikwa kwenye fomu, na mfanye ndugu yako huyo akuonyeshe hati yake ya mshahara. Asikasirike, wewe pia ungemwonyesha.

Kuhusu masomo. Sera ya Taifa ya Walimu ya 2019 inaelekeza walimu wote wawe na shahada, na najua unataka kukopa uende kusoma. Ni wazo zuri, lakini fahamu kwamba shahada peke yake haipandishi mshahara. Mshahara hufuata cheo ulichoteuliwa nacho na tume ya utumishi ya wilaya, na uteuzi unahitaji nafasi iliyo wazi na yenye bajeti. Wapo wenye shahada wanaolipwa bado kwa Gredi ya Tatu huku wakilipa mkopo wa karo. Kabla ya kuchagua kozi, kaulize ofisi ya elimu ya wilaya masomo gani yana upungufu wa walimu. Kwa upande wako Kiswahili ni cha kutazamwa kwa makini: mtaala mpya wa sekondari ulioanza 2020 umekifanya somo la lazima kidato cha kwanza na cha pili, na wewe umekulia ndani ya lugha hiyo. Ila mshahara wa milioni nne ulioanza Julai 2022 ni wa walimu wa sayansi wenye shahada. Wa sanaa hawakupewa, nami naona hilo si haki kwao, lakini bajeti yako iandike kwa mshahara uliopo.

Rafiki yako yule anayefundisha shule binafsi mwambie hesabu yake ni tofauti: yeye ana haki ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, asilimia 5 kutoka kwake na 10 kutoka kwa mwajiri. Tangu sheria irekebishwe 2022, hata shule yenye walimu watatu inawajibika. Ajisajili na kuangalia salio lake kwa simu, kwa maana zipo shule zinazokata ile 5 na kutoipeleka.

Fomu uliyoachiwa na wakala wiki iliyopita usiisaini bado. Piga picha kurasa zote, hata zile za maandishi madogo nyuma, unitumie pamoja na hati yako ya mshahara. Jumamosi tutazipitia kwa simu, mstari kwa mstari.

Mjomba wako