Kabla hujatuita kupakia magogo: makucha, uzito na mahali pa kusimama

Swali la kwanza kwenye simu karibu kila mara ni hili: "Bosi, hiyo mashine yenu inabeba tani ngapi?" Jibu la namba moja halipo, na ukipewa namba moja na mwenye mashine yeyote, muulize: kwa umbali gani? Eskaveta yetu ndogo ni ya tani 5. Hizo tani 5 ni uzito wake yenyewe ikiwa imesimama. Mzigo inaoweza kuunyanyua ni hesabu nyingine kabisa, na hesabu hiyo hubadilika kila mkono unapokunjwa au kunyooshwa.

Gogo likiwa karibu na cheni ambazo mashine hutembelea, mashine ya ukubwa huu hunyanyua kilo elfu moja bila kulalamika. Nyoosha mkono hadi mwisho, mashine ileile inabaki na kilo mia chache, na ukilazimisha, cheni ya upande wa pili inaanza kuachia ardhi. Ukinyanyua kwa ubavu unapata kidogo kuliko ukinyanyua kwa mbele huku bleidi (lile koleo pana la mbele) imekandamizwa chini. Ndiyo maana kila eskaveta ina jedwali la unyanyuaji, ambalo kwa kawaida huonyesha asilimia 75 tu ya mzigo ambao ungeipindua. Ile robo iliyobaki ni ya usalama, kwa hiyo opereta wetu haigusi hata umwongezee posho.

Sasa toa uzito wa makucha. Makucha ya kukamatia magogo, pamoja na mota yake ya kuzungusha, kwa mashine kama hii huwa na kilo 150 hadi 300. Kuyafunga hakuiongezei mashine nguvu hata chembe, bali hula sehemu ya nguvu iliyopo. Faida yake ni kukamata vizuri, kugeuza gogo hewani lilingane na bodi ya lori, na kuachia bila mtu kupanda juu ya mzigo kufungua mnyororo.

Tupime kwa gogo la paini lililokatwa futi 12, lile wanalolitaka wenye mashine za kupasulia mbao. Likiwa na kipenyo cha inchi 12 na bado bichi, lina karibu kilo 230. Hilo tunalirusha kwenye Fuso asubuhi hadi jioni. Lakini urefu huohuo ukiwa na inchi 18, uzito unapita kilo 500, maana unene ukiongezeka kwa nusu, uzito unaongezeka zaidi ya mara mbili. Mteja anaangalia urefu, anasema "ni yaleyale ya futi 12", na kwa jicho yanakaribia kufanana kweli. Mashine ndiyo inayoona tofauti. Mlingoti mbichi ni mzito zaidi ya paini, na mwingine ukiutupa majini unazama.

Nguzo za umeme ni habari nyingine. Nguzo ya mita 10 inaweza isiwe nzito kuliko gogo nene la paini, ila urefu wake ndio unaosumbua. Usipoikamata kwenye mizani yake, yaani pale uzito wa pande mbili unapolingana, inaning'inia upande mmoja na kuanza kuyumba. Mizani haiko katikati ya urefu, iko karibu zaidi na kitako kwa sababu kitako ni kinene. Opereta hunyanyua kidogo kwanza, akaona inaelekea wapi, akashusha na kukamata upya. Ukimwona anafanya hivyo usidhani anapoteza muda wako. Na utuambie mapema kama ni nguzo, kwa kuwa meno makali yanachubua, na nguzo iliyochubuka ina kazi kupita kwa mkaguzi.

Mahali ambapo mashine ndogo inatamba hasa ni kwenye mashamba ya watu binafsi ya Mufindi, Njombe na Kilolo, ambako miti mingi hukatwa ikiwa bado michanga na magogo ni membamba. Makucha hukumbatia matatu, manne kwa mkupuo mmoja. Vijana wa kupakia kwa mabega wanaifanya kazi hiyo pia, na wanaifanya kwa ustadi, lakini gogo bichi likiteleza kwenye mbao za kupandishia halimchagui mtu. Kwa maoni yetu vijana haohao wabaki shambani, wapange magogo na kufunga mzigo, na kazi ya kunyanyua waiachie mashine.

Hapo kwenye kupanga ndipo pesa ya mteja inapopotelea. Sisi tunalipwa kwa mita ya saa ya mashine. Ukiyaacha magogo yametapakaa kila moja lilipoangukia, eskaveta itatembea kutwa ikiyafuata, na mashine ya cheni si gari. Yavutie kandokando ya njia, vitako vyote vielekee upande mmoja, na chini ya kila rundo weka miti miwili ya kukingama ili kidole cha makucha kipite chini ya gogo bila kuchota udongo. Udongo una mawe, mawe yanaua meno ya msumeno, na mwenye kiwanda akianza kukulalamikia hatakuwa anatulalamikia sisi. Rundo lisizidi kimo cha mtu, na lori lipate nafasi ya kusimama sambamba nalo, mashine ikiwa katikati karibu na vyote viwili.

Kimo cha lori nacho kina mambo. Bodi ya Fuso pamoja na nguzo za pembeni ni ndefu kwa mashine ndogo, na makucha yanayoning'inia hupunguza kimo cha kufikia. Safu za chini zinaingia bila shida, za juu ndizo zinazogoma. Tiba yake ni ardhi: lori lisimame bondeni kidogo, au mashine ipande juu ya tuta pana lililoshindiliwa. Tuta tunaweza kulitengeneza wenyewe, lakini tunakuja na makucha. Bakuli la kuchimbia tunalibeba ukituambia kabla lobedi, lile trela la kubebea mashine, halijaondoka Mafinga.

Baadhi ya wateja wetu wana eskaveta zao, wanauliza kama wanunue makucha wakafunge. Kabla ya kuangalia bei, angalia laini ya ziada ya haidroliki kwenye mkono, yaani mabomba ya mafuta yanayoendesha kifaa cha mbele. Mashine nyingi zilizotumika huja zikiwa zimefungwa laini ya nyundo ya kuvunjia mawe. Nyundo inahitaji mafuta yaende upande mmoja tu na kurudi moja kwa moja kwenye tangi. Makucha yanataka mafuta yaende na kurudi pande zote mbili, yafunge na yafungue. Mota ya kuzungusha inataka laini yake ya pili, au valvu ya umeme ya kugawa laini moja. Pima pia kipenyo cha pini na nafasi kati ya masikio ambayo pini hiyo hupita, na uhakikishe silinda ya makucha ina valvu ya kushikilia mzigo, ili hosi ikipasuka gogo lisiachiwe. Fundi akikwambia valvu hiyo ni mapambo, tafuta fundi mwingine.

Na usiyatumie kung'oa visiki, wala kuvuta gogo kwa kuzungusha mashine. Gia ya kuzungushia kabati, chumba anamokaa opereta, haikutengenezwa kuvuta kwa ubavu, na ikivunjika gharama yake inatosha kununua makucha mengine.

Wakati wa kazi hatumruhusu mtu ndani ya duara la mkono pamoja na urefu wa gogo lenyewe. Dereva wa lori ashuke, asibaki kwenye kabati akichati. Utingo anayetaka kuelekeza asimame mbele pale opereta anapomwona.

Kuanzia Desemba hadi Aprili kazi za kwenye miteremko tunazikagua kwanza kwa miguu. Udongo mwekundu wa huku ukilowa unateleza vibaya, na mashine iliyoinama hata kidogo haibebi kile ambacho jedwali linasema, kwa sababu jedwali limeandikwa kwa ajili ya ardhi tambarare. Mara nyingine tunakwambia subiri siku mbili za jua. Wapo wanaokasirika na kumwita mwingine, ni haki yao.

Ukipiga simu, tupe urefu wa magogo, unene wa lile kubwa kuliko yote, kama ni paini au mlingoti, idadi, na aina ya lori. Picha mbili za rundo na njia ya kuingilia zinasaidia kuliko maelezo marefu. Malipo ya lobedi kwenda na kurudi ni mbali na saa za mashine, na kima cha chini ni nusu siku. TP, kibali cha kusafirishia magogo, iwe mkononi kabla hatujawasha injini, maana lori lililojaa likilala shambani kusubiri karatasi, lori la pili halina pa kusimama.