Kitako Kwanza, Jina Baadaye: Jinsi Tunavyomtafuta Mtengenezaji wa Chombo Chako cha Kioo

Wateja wengi hututumia picha moja tu: chombo cha maua kimesimama mezani, kimepigwa kwa mbele, na swali chini yake, "Hiki ni cha nani?" Picha hiyo hutuonyesha umbo na rangi. Lakini umbo huigwa, rangi nayo huigwa, na viwanda vilivyogombea wanunuzi walewale viliigana waziwazi. Tunachokihitaji zaidi kiko upande ambao karibu hakuna anayeupiga picha, yaani kitako. Ndiyo maana tunaomba picha zaidi kabla hatujataja jina lolote.

Kioo kinapopulizwa kwa mdomo, fundi hukishikilia kwenye bomba lake. Ili amalizie ukingo wa juu, hukihamishia kwenye fimbo ya chuma inayonatishwa chini ya chombo. Fimbo ikibanduliwa, huacha kovu. Kovu likiwa bado linakwaruza kidole, ujue hakuna aliyepoteza muda kulisaga. Likiwa limesagwa na kung'arishwa mpaka likawa kibonyeo laini, kiwanda kilikuwa na mafundi wa kumalizia kazi, na orodha ya wanaowezekana inapungua papo hapo. Kovu lisipokuwapo kabisa, tunatafuta mishono ya kalibu, yaani ya chombo cha chuma ambamo kioo huundiwa umbo: iko mingapi, inaanzia wapi na inaishia wapi. Kwa chupa, mshono unaopanda mpaka juu ya mdomo kwa kawaida ni kazi ya mashine, na mashine za chupa zilienea baada ya ile ya Michael Owens ya 1903.

Kitako pia hutunza umri. Chombo kilichokaa rafuni miaka mingi huwa na mikwaruzo midogo inayokwenda kila upande, na huonekana pale tu kinapogusa meza. Mikwaruzo iliyolala upande mmoja, yenye kina kilekile, au iliyoingia hata mahali pasipogusa meza, ni kazi ya msasa. Tukiiona hiyo, tunakuwa waangalifu mara mbili na kila kitu kingine kilichoandikwa hapo chini.

Halafu ndipo tunaposoma chapa. Nyingine zinasema wazi kwa anayezijua. Kichwa cha tausi ni cha Sowerby wa Gateshead, Uingereza. Herufi H ndani ya almasi ni ya Heisey wa Ohio, Marekani. H yenye A chini yake, ambayo watu wengi hudhani ni ya Anchor Hocking, kwa kweli ni ya Hazel-Atlas; vyote viwili ni viwanda vya Marekani. Anchor Hocking walitumia nanga. Vyombo vya Uingereza vya kati ya 1842 na 1883 vinaweza kuwa na alama ya almasi yenye herufi na tarakimu pembeni, na kuanzia 1884 zikaja namba za usajili. Tunazipenda sana alama hizi, kwa sababu daftari za usajili zimehifadhiwa National Archives, London, na zinamtaja aliyesajili muundo. Ila zingatia: tarehe hiyo ni ya muundo kusajiliwa. Chombo chenyewe kinaweza kuwa kilitoka kiwandani miaka mingi baadaye.

Tatizo kubwa zaidi ni chapa inayosomwa vibaya, au iliyoghushiwa. René Lalique, fundi wa kioo wa Ufaransa, alifariki 1945. Vyombo vya uhai wake huandikwa "R. Lalique", baada yake ile R iliondolewa. Kwa kuwa vya zamani vinatafutwa zaidi, wapo wanaochonga R mbele ya jina kwenye chombo cha baadaye, kwa hiyo tunachunguza R peke yake kwa kioo cha kukuzia: je, mstari wake una kina na unene sawa na herufi zinazoifuata? Kwa Émile Gallé wa Nancy, Ufaransa, aliyefariki 1904, nyota ndogo kando ya jina ni ya miaka iliyofuata kifo chake. Neno "TIP" kando ya Gallé ni la nakala za kisasa kutoka Romania; baadhi ya wauzaji hulisaga likatoweka, na kinachobaki ni doa lisilong'aa kama sehemu nyingine. Lipige picha hilo doa pia.

Saini za Louis Comfort Tiffany wa Marekani, "L.C.T." hasa, zimeongezwa kwenye vyombo vya watu wengine kwa wingi. Vilivyoathirika zaidi ni vya Loetz wa Bohemia (leo sehemu ya Cheki), vyenye mng'ao wa rangi nyingi unaofanana na wa Tiffany na ambavyo mara nyingi vilitoka kiwandani bila saini yoyote. Inatuuma kuona kazi nzuri ya Loetz imechongwa jina lisilo lake, maana chombo kilistahili kuthaminiwa kwa jina lake chenyewe.

Kuna pia kalibu zinazohama. Heisey walifunga 1957, na mwaka uliofuata kalibu zao zikanunuliwa na Imperial, kiwanda kingine cha kioo cha Marekani, baadhi zikiwa bado na ile H ndani yake. Kwa hiyo unaweza kushika chombo chenye H ya Heisey ambacho Heisey hawakukitengeneza. Hapo rangi ndiyo inayoamua: ikiwa ni rangi ambayo haimo katika katalogi zao, jibu letu ni Imperial.

Na kukosa chapa si ushahidi wa kukosa thamani. Fenton wa Marekani walianza 1905, lakini nembo yao ya ndani ya kalibu ilikuja 1970. Baccarat wa Ufaransa walianza kutia chapa ya asidi, yaani iliyochorwa kwa asidi kwenye kioo, kwa utaratibu 1936. Whitefriars wa Uingereza walitegemea lebo za karatasi, na lebo huoshwa zikatoka. Hata hivyo vyombo vya mbunifu wao Geoffrey Baxter vya 1967, vyenye uso kama gome la mti, hutambulika kwa kulinganisha umbo, kimo na rangi na katalogi za kiwanda. Lebo ya Murano, Italia, nayo hututajia kisiwa tu. Ndani yake kulikuwa na viwanda vingi.

Wengi hutuuliza kuhusu taa ya urujuanimno (UV). Ni chombo kizuri cha kazi, na tunaitumia. Kioo chenye urani hung'aa kijani kikali chini yake, na manganizi huweza kung'aa kijani hafifu, jambo linalowachanganya wengi. Lakini urani ilitumiwa na viwanda vya nchi nyingi. Mng'ao unakueleza kilichochanganywa ndani ya kioo, haukutajii aliyekichanganya.

Kwa hiyo unapotutumia chombo, tunahitaji kitako kilichopigwa kwa karibu na mwanga wa pembeni, ukingo wa juu, chombo kizima mbele ya karatasi nyeupe, kimo na uzito. Jibu letu huwa la aina tatu, nasi tunaandika bayana ni ipi: kimetengenezwa na fulani, yaani tumepata chapa sahihi au katalogi inayolingana, inaelekea ni cha fulani, yaani ushahidi unaelekea huko lakini haujafunga, au ni cha mtindo fulani, bila jina. Aina ya tatu huwavunja moyo baadhi ya wateja. Tunaielewa hali hiyo, lakini hatutaandika jina ili kumfurahisha mtu, kwa sababu atakayenunua chombo kesho ataliamini.

Ombi moja kabla hujakisafisha kwa ajili ya picha: kama kuna lebo, hata kipande kilichochanika, usikiloweke majini. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu na utupigie picha ya kipande hicho kama kilivyo.