Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Koleo lisiwe dawa pekee ya jino

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Dodoma.

YAH: MENO YANAYONG'OLEWA ILHALI YANAZIBIKA

Mheshimiwa, mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza huku Arumeru. Kazi yangu ni sauti. Fa, fe, fi, fo, fu. Tha, the, thi, tho, thu. Mtoto hajui kusoma mpaka asikie vizuri mdomo wa mwalimu wake, na mdomo wa mwalimu wake una pengo.

Jino lililotoka ni la mbele, la juu. Kabla ya hapo sikuwahi kufikiri kwamba "fa" inatamkwa kwa meno ya juu kugusa mdomo wa chini, wala kwamba "tha" ni ulimi kuchungulia katikati ya meno. Siku ya kwanza nilipoingia darasani nikiwa na pengo, thamani na samani zilitoka sawasawa, na hewa ilivuja kama ya tairi la baiskeli. Watoto wa umri huo nao wana mapengo, maana ndio wakati wa kubadilisha meno. Mmoja akaniuliza kwa huruma kabisa: "Mwalimu, na wewe lako litaota lini?"

Nilicheka nikiwa nimeziba mdomo kwa mkono. Tangu siku hiyo mkono ukazoea.

Naomba nieleze jino lilivyoondoka, kwa sababu hapo ndipo penye hoja yangu. Sisi tuliozaliwa huku meno yetu yana rangi ya kahawia, na wewe ukisafiri Arusha, Kilimanjaro au Manyara utayaona. Ni floraidi iliyomo kwenye maji, iliyoingia wakati meno yanatengenezwa ndani ya ufizi tukiwa wadogo. Kidogo chake hulinda jino, kingi hulidhoofisha. Hata magadi tunayotia kwenye makande yanaongeza. Hakuna mswaki unaoitoa rangi hiyo. Kwa miaka mingi viwango vyetu vya maji viliruhusu hadi miligramu 4 kwa lita wakati Shirika la Afya Duniani lilishasema 1.5, na tuliposhusha kiwango meno ya watu wazima wa rika langu yalikuwa yameshapita. Hilo nisikulaumu wewe, najua maji yana wizara yake.

Jino la namna hiyo likidhoofika sana humeguka. Langu lilimeguka kwenye hindi la kuchoma, likaacha kishimo. Nikaenda kituo cha afya mapema, kama tunavyoshauriwa kila siku kwenye redio. Kijana tabibu wa meno akanipokea vizuri, "Shikamoo mwalimu," akatazama, akasema jino linazibika ila dawa ya kuziba imeisha. Nirudi baada ya wiki mbili. Nikarudi: dawa ipo, mashine imeharibika. Mara ya tatu sikwenda kwa hiari, nilipelekwa na maumivu baada ya siku mbili bila kulala. Nikauliza, kuziba bado? Bado. Na kung'oa?

"Kung'oa kupo leo leo, mwalimu."

Sindano ya ganzi, koleo, pamba ya kuuma, nikarudi nyumbani. Kijana yule simlaumu hata kidogo. Alifanya alichopewa vifaa vya kufanya. Darasani tunafundisha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye meno, Mheshimiwa, ukuta hatujengi, tunaubomoa na kumpa mgonjwa pamba.

Baada ya miezi kadhaa nikajikusanya nikaenda kwa daktari wa meno mjini. Sijawahi kuelezwa mwili wangu kwa utulivu kama siku ile. Aliniambia kwamba jino langu, hata lilipofika hatua ya kuuma usiku, huenda lingeokolewa: mzizi unafunguliwa, mshipa uliokufa unatolewa, njia yake inasafishwa na kujazwa utomvu maalumu wa mti, kisha jino linavishwa kofia. Nilitaka kulia. Halafu akanieleza njia za kuziba pengo.

Ya kwanza ni jino bandia la plastiki la kuvaa na kuvua, linaloshikwa na kibao chembamba kwenye paa la mdomo. Ni rahisi kuliko mengine, linatolewa usiku na kulowekwa majini ili ufizi upumue, na siku za mwanzo unaongea kama una embe mdomoni. Ya pili ni daraja: meno mawili ya jirani yanasagwa pembeni, kisha linatengenezwa jino la katikati lililoungana na kofia zao mbili. Zuri, halitoki, lakini unawajeruhi majirani wazima ili kumsaidia aliyeondoka. Ya tatu ni kupandikiza: skrubu ya titani inaingizwa ndani ya mfupa wa taya, inaachwa miezi kadhaa mpaka mfupa uishike, ndipo jino linafungwa juu yake. Akaniambia pia nisikae sana nikisubiri, kwa sababu mfupa wa mahali palipong'olewa unapungua, na meno ya jirani huanza kuinamia pengo.

Bei ya hilo la tatu alinionyesha kwenye karatasi, kwa adabu, bila kuitamka. Bima yangu haikuligusa. Nikachukua la plastiki kwa awamu mbili. Nalivaa sasa hivi ninapoandika, na "fa" imerudi. "Tha" bado inanisumbua.

Lakini mimi nina mshahara. Kuna kijana wa bodaboda hapa mtaani aliyebandika jino lake lililovunjika kwa supaglu, akavimba shavu wiki nzima. Watu walimcheka. Mimi sikuweza.

Sasa Mheshimiwa, kinachoniuma kuliko pengo ni hiki. Ipo njia ya kuziba jino bila umeme, bila mashine ya kutoboa, mara nyingi hata bila sindano. Tabibu anakwangua sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono, anajaza saruji inayojishika yenyewe kwenye jino na kuachia floraidi kidogo kidogo. Njia hiyo haikutoka ng'ambo ikaletwa kwetu kama msaada. Ilianza hapa hapa Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, ikatoka hapa ikaenda duniani. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiweka saruji hiyo kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Kwa hiyo ile habari ya "mashine imeharibika" niliyoambiwa ilikuwa na jawabu lililozaliwa nchini kwetu kabla kijana yule hajazaliwa.

Kwenye hotuba za bajeti tunasikia vimenunuliwa viti vya meno vingapi na mashine za mionzi ngapi. Naomba hotuba ijayo utusomee hesabu nyingine: kwa kila jino lililong'olewa kwenye vituo vya serikali, mangapi yalizibwa? Utusomee wilaya kwa wilaya. Hesabu hiyo ikisomwa Bungeni, kila mganga mkuu wa wilaya atakumbuka kuagiza dawa ya kuziba kabla haijaisha. Na kwenye kitita cha huduma cha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, jino bandia la plastiki msilihesabu kuwa urembo. Sisemi skrubu za titani. Nasema fundi sanifu wa meno mmoja na karakana yake ndogo kwenye hospitali ya wilaya, ili muuza genge, kondakta na mwimba kwaya wasifunge safari ya mkoani kwa ajili ya jino moja.

Namalizia na mwanafunzi wangu mmoja, wa miaka saba. Gego lake la kwanza la ukubwani, lile linaloota nyuma ya meno ya utoto bila kung'oka kwa jino lolote, ndiyo maana wazazi hudhani ni la utoto, lina kidoa cheusi chenye kishimo kama ncha ya penseli. Halijaanza kuuma. Mama yake aliniambia, "Si litang'oka tu, mwalimu, litaota jingine." Nimemweleza kwamba hilo haliotewi. Ijumaa baada ya vipindi nampeleka mwenyewe kituoni, kwa kijana yule yule. Nitauliza kama dawa ya kuziba ipo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa darasa la kwanza,
Arumeru, Arusha.