Maganda ya chaza yarudi majini

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi niseme juu ya chaza wetu huku Lamu, manake pweza na kamba wana wa kuwasemea lakini chaza hakuna anayewataja na wanaisha. Bamvua likiingia kina mama wanashuka mikokoni na kapu zao, wanazunguka mpaka maji yaanze kujaa, wanarudi na vichaza vidogo vya kutia huruma.

Kinachoniuma zaidi ni panga. Chaza kumbandua ni kazi, amejigandisha kama saruji, basi mtu anaona bora akate mzizi mzima wa mkoko (na simlaumu sana, ana watoto wanamngoja). Lakini kitoto cha chaza kinaelea majini wiki mbili tatu hivi halafu lazima kipate kitu kigumu cha kushika, mzizi, mwamba au ganda la chaza mwengine, kikikosa kinakufa. Tena chaza hawa wengi huanza wakiwa madume, wakishakua ndio wanageuka majike, kwa hivyo tukiwamaliza wakubwa tumewamaliza wenye mayai.

Na maganda tunayatupa jaani, mahotelini vilevile! Kule New York chaza walivuliwa na maji yakachafuliwa mpaka wakaisha, sahii kuna mradi tangu 2014 unaitwa Billion Oyster Project, wanakusanya maganda mikahawani, wanayaanika karibu mwaka mzima, wanayapandisha vitoto vya chaza ndio wanayarudisha baharini, wanataka wafikishe chaza bilioni 1 ifikapo 2035. Sisi mbegu bado tunayo hapa hapa, hatuhitaji maabara, ni kuyaanika vizuri, kuyatia kwenye nyavu kuukuu na kuyafunga imara mikokoni yasichukuliwe na maji.

Kina mama wa Pate walishakubali kufunga sehemu za pweza kwa miezi kadhaa na waliona faida yake. Basi BMU zetu, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia ufuo, zichague mkono mmoja wa bahari upumzishwe kwa ajili ya chaza, ila tusidanganyane, pweza anakua mbio, chaza si hivyo, miezi michache haitoshi. Kaunti nayo iwaambie wenye hoteli wasinunue wadogo na maganda wayaweke kando yachukuliwe.

Mimi ya kwetu nishaanza kuyaanika, anayetaka tushirikiane aje tukakae na BMU kabla kusi haijaanza.

Mkaazi wa Faza,
Lamu